Stenti ya Mtani

1

Waya uligoma palepale ulipogoma wiki iliyopita. Dokta Mwamvua Kondo aliurudisha nyuma kidogo, akauzungusha kati ya vidole viwili, akausukuma tena polepole ndani ya mshipa, na kwenye skrini akauona unajikunja na kurudi ulikotoka. Akasonya. Manesi waliomzoea walijua kwamba dokta akisonya mara moja bado kuna matumaini, akisonya mara mbili ni afadhali kila mtu ajitafutie pa kusimama. Alisonya mara mbili.

"Umekataa?" aliuliza Jenerosa.

"Umekataa."

Jenerosa Ntahondi alikuwa amelazwa nusu, mgongo umeegemezwa mito, maana akilala chali alikabwa. Kabla figo zake hazijafa alikuwa dereva wa bowsa la maji, Mha wa Kasulu mwenye sauti ya kumsimamisha punda barabarani. Sasa sauti ile ilikuwa imebaki mkwaruzo. Uso, shingo na mkono wa kulia vilikuwa vimevimba mpaka ngozi inang'aa, na kifuani vimishipa vya bluu vilikuwa vimetambaa huku na huko vikitafuta njia za panya.

Damu yote ya kichwani na mikononi hurudi moyoni kwa mshipa mkuu mmoja uliolala nyuma ya mfupa wa kifua. Mtu akisafishwa damu kwa mashine miaka na miaka, akachomekwa mipira shingoni, ikatolewa, ikachomekwa tena, mshipa ule humchoka. Huota makovu, hujikaza, mwisho huziba. Damu ikikosa pa kushukia hubaki juu, ndiyo uso ukavimba. Mashine nayo haipati damu ya kutosha ya kusafisha, na hapo ndipo kifo hupata pa kuingilia. Tangu jua la Tabora lianze kuua figo za watu wanaofanya kazi nje, wadi ya Mwamvua haikuwahi kukosa nyuso zilizovimba.

Zamani dawa yake ilikuwa stenti ya chuma. Daktari alipitisha waya, akapanua njia kwa puto, akaacha pale kijibomba cha wavu kishikilie ukuta usianguke. Ilikuwa kazi nzuri, ila mwili wa binadamu ni mkaidi. Kovu lilipenya kwenye matundu ya wavu, likaota ndani, na baada ya miezi njia ikaziba upya. Jenerosa alikuwa nazo mbili, moja ndani ya nyingine, kama sufuria zinavyopangwa dukani, na zote zilikuwa zimeziba.

Ndipo zikaja stenti hai. Wavu wake umepandwa chembechembe zinazoishi, nazo hujifunza mkondo wa damu ya mtu: lini zilegee, lini zikaze, vipi zilimeze kovu kabla halijapata nguvu. Kasoro yake ni kwamba ikiwa changa haifai kitu kwenye mshipa uliokufa. Lazima ilelewe miaka mingi ndani ya mtu ambaye mshipa wake una nafuu. Ikishakomaa, mlezi wake akifa, inaweza kutolewa ikawekwa kwa mwingine na kuanza kazi siku hiyohiyo. Basi kila aliyekuwa nayo alikuwa akiulizwa kila kliniki: ukifariki, unaridhia itolewe? Na aliyeuliza hakuwa daktari. Aliyeuliza ni Sikio.

Sikio lilikuwa kikopo cheupe kilichobandikwa juu ya mlango wa kila chumba. Lilisikiliza ridhaa za wagonjwa na kuzihifadhi, ili daktari asije akasema mgonjwa alikubali kumbe alikuwa anaumwa meno tu anatikisa kichwa. Wahenga walisema sikio halizidi kichwa. Hili lilizidi. Hata mganga mkuu hakuweza kulibishia.

"Dokta Kondo," Sikio lilisema sasa hivi, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa stesheni. "Stenti hai iliyokomaa imepatikana wilayani. Inaoana na mgonjwa wako."

Mwamvua aliinua mikono yake kutoka kifuani mwa Jenerosa. "Ya nani?"

"Marehemu Lubaga Kasanda, wa Igalamila. Amefariki alfajiri, usingizini."

Mwamvua hakusonya. Alivuta kigoda akakaa, glavu zikiwa bado mikononi. Mzee Lubaga alikuwa mfuga nyuki. Yeye Mwamvua ndiye aliyemwekea stenti ile, mwaka wake wa kwanza Tabora, na tangu hapo kila kliniki mzee alikuja na chupa ya asali na matusi mapya. Mzee alikuwa Mnyamwezi, Mwamvua Mzaramo, na watu wa makabila hayo wakikutana hawaulizani hali kabla hawajatukanana. Katika mji ule mgeni, mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfanya ajione yuko kwao. Aliumia, akaumia kweli, na wakati huohuo akajiona akifurahi kwa sababu ya Jenerosa, akajichukia.

"Lakini," Sikio liliendelea, "marehemu alikataa."

"Alikataa nini? Nisikie."

Sikio likatoa sauti ya mzee, nzima, yenye kikohozi chake cha moshi wa mizinga.

"Apewe nani? Huyu Mzaramo? Thubutu! Nimeilisha asali yangu miaka yote hii, leo aje aichukue akaiuze Kariakoo? Nitazikwa nayo. Weka hivyo hivyo: nitazikwa nayo!"

Kisha sauti ya Mwamvua mwenyewe, anacheka mpaka anakosa pumzi: "Mzee, nitakufukua!"

"Utafukua na nini? Mzaramo na jembe wapi na wapi!"

Halafu Sikio: "Ukataaji umepokelewa."

Ilikuwa hivyo kila kliniki. Swali lilelile, matusi tofauti, kicheko, ukataaji umepokelewa. Mafundi waliotengeneza Sikio walilifundisha Kiswahili cha bara na cha pwani, wakalifundisha kutambua mtu anayesitasita na mtu anayelazimishwa. Utani hawakulifundisha. Mwamvua alikuwa anajua haya, na mara zote alisema moyoni kwamba ipo siku atamketisha mzee bila mzaha amuulize. Ila kumketisha mtani bila mzaha si jambo rahisi. Atakuuliza nani amekufa.

"Sasa huyo mzee," alisema Jenerosa kutoka kitandani, "alikuwa anatania au?"

Mwamvua alivua glavu moja, kisha ya pili. Alitaka kusema alikuwa anatania. Badala yake akazitupa glavu ndooni, akatoka.

2

"Dawati la Ridhaa hapa hospitali wameshapiga simu," alisema Tungaraza.

Tungaraza alikuwa nesi mkuu wa wadi, Mkerewe mrefu asiyependa kubishana ila alibishana kila siku. Walikuwa wamesimama ukumbini, penye kiyoyozi. Nje king'ora cha kivuli kilikuwa kimeshalia na barabara ni tupu. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi, sheria haikumruhusu mtu kufanya kazi juani.

"Wamempigia nani?"

"Mtoto wake wa kiume, Mhoja. Wakamsomea sheria, wakampigia na sauti ya baba yake. Kijana akasikia baba anasema nitazikwa nayo. Unategemea ajibu nini? Maneno ya mwisho ya marehemu ni wosia. Amekataa."

"Yale si maneno ya mwisho! Ni utani wa kliniki!"

"Wewe ndiye unayejua hivyo, dokta?"

Sheria ilikuwa wazi. Familia ya marehemu ina uwezo wa kutengua neno lake, lakini hospitali huomba mara moja tu. Ikishakataliwa hairuhusiwi kurudi kugonga mlango wa wafiwa. Sheria hiyo ilitungwa baada ya madaktari fulani kufuata watu mpaka makaburini, na Mwamvua alipokuwa mwanafunzi aliipigia makofi.

"Mazishi saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja, jua likipoa. Na stenti yenyewe kwa joto hili haivuki leo." Tungaraza akamtazama kwa jicho la pembeni. "Mbona unaniuliza mazishi?"

"Nimefiwa na mtani wangu. Nisiende kuzika?"

"Nenda. Nani kakukataza? Ila najua unachowaza, na mimi nimekaa huku miaka mingi kuliko wewe." Akashusha sauti. "Mtani akifika msibani akaomba kitu, hanyimwi. Akidai jogoo atapewa, akidai koti la marehemu atapewa, na atakayekasirika ameiaibisha nyumba nzima. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi mtu asiyeweza kukunyima hujamuomba, dokta. Umemnyang'anya, ila kwa kicheko. Hospitali ikikatazwa kuingia kwa mlango, wewe unapita dirishani umevaa kanga."

Mwamvua alikasirika kwa sababu Tungaraza alikuwa na haki. "Na Jenerosa tumwambie nini? Kwamba anakufa kwa sababu mzee alikuwa mcheshi?"

Tungaraza alifungua mlango wa chumba akampisha.

Jenerosa alikuwa ameketi kitandani, miguu inaning'inia. Usiku na mchana alilala akiwa amekaa, na macho yake yalikuwa yamebaki vijistari viwili kwenye uvimbe. Mwamvua akavuta kigoda, akamweleza kila kitu, bila kuficha hata lile la dirishani. Alikuwa anategemea, pengine alikuwa anaomba, kwamba mgonjwa atamtoa mashakani. Atasema, daktari, sitaki kitu cha dhuluma. Au atasema, nenda dada, Mungu ataelewa.

"Nikiipata nitaishi?" Jenerosa aliuliza.

"Una nafasi nzuri. Uvimbe unaweza kuanza kushuka leoleo. Mashine itapata damu."

"Nisipoipata?"

"Tutajaribu waya tena kesho."

"Waya umeshakataa." Jenerosa alivuta pumzi, ikapita kwa shida. "Dokta, mimi nataka kuishi. Nina miaka thelathini na moja na nina mtoto anakaa na mama yangu Kasulu. Usiniulize mimi swali la adabu. Mtu anayezama haulizwi kamba ni ya nani. Hilo ni lako wewe uliyesimama pwani."

Mwamvua akainamisha kichwa. Aliondoka pale hajapewa ruhusa wala katazo, na hicho ndicho kilichomchosha zaidi.

Akaagiza gari la wadi, akapakia sanduku la vifaa na chombo cha baridi. Alipofika kwenye gari akavua koti jeupe. Kwenye ukosi wa koti palikuwa na Sikio dogo, kifungo cheupe ambacho daktari aliye kazini lazima akivae. Akakunja koti lote pamoja na kifungo chake akaliweka kiti cha nyuma. Kisha akajifunga kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, akaliambia gari limpeleke Igalamila.

3

Msibani kulikuwa kumechangamka. Mtu asiyejua mila angedhani amekosea akaingia harusini. Chini ya maturubai ya rangi ya fedha yaliyotandazwa kuzuia jua, wanawake walikuwa wanagawa matobolwa ya viazi vikavu na chai, na katikati ya uwanja Kibwana Pazi, fundi betri wa mjini, Mzaramo mwenzake Mwamvua, alikuwa amevaa wavu wa nyuki wa marehemu na kushika bomba la moshi. Alitembea kwa kuchechemea vilevile alivyochechemea mzee Lubaga, akamfukizia moshi kila aliyekuwa analia.

"Nyuki hawa wabishi!" alipaza sauti kwa kikohozi cha mzee. "Wanalilia asali wakati mwenyewe nipo hapa nimelala na barafu yangu, nakula raha!"

Waombolezaji wakaangua kicheko huku machozi yakiwatiririka. Mwamvua naye alicheka.

Aliingia ndani kutoa pole. Bi Nyanzala, mjane wa mzee, alikuwa amekaa mkekani, mwanamke mwembamba mwenye mashavu makavu. Alimshika Mwamvua mikono yote miwili, hakuiachia kwa muda mrefu.

"Mzaramo wake," alisema. "Umekuja."

"Nimekuja, mama. Pole sana."

"Jana kakutaja. Kasema keshokutwa kliniki, nimetunga tusi jipya, litamlaza njaa." Akatikisa kichwa. "Tusi lenyewe hakuniambia."

Mwamvua akaibana mikono ile, akainuka. Akatoka.

King'ora cha kivuli kililia kuruhusu watu, na ilipokaribia saa kumi na moja jeneza likatolewa. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, penye miti ya miombo aliyotundikia marehemu mizinga yake. Kibwana akapanda juu ya lundo la udongo, akakaa, akasema hazikwi mtu mpaka alipwe. Akaletewa jogoo. Akamkagua jogoo yule kwa dharau, akasema ni wa kupewa mgonjwa, akamchukua, akashuka. Watu wakasogea na kamba.

Hapo Mwamvua akapita katikati yao, akashuka kaburini, akakaa chini.

Kelele za furaha zililipuka. "Daktari! Daktari naye!" Watoto walipanda migongoni mwa watu waone. Mhoja, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye kipara kama cha baba yake, akachungulia shimoni na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukakunjuka.

"Haya, mtani, unataka nini nawe? Jogoo kaisha. Mbuzi?"

"Sitaki mbuzi."

"Asali? Nitakupa pipa zima, toka tu humo."

"Nataka changu."

"Chako kipi?"

"Alichonacho kifuani."

Kicheko kikaendelea kwa walio mbali. Walio karibu kiliwaishia. Mwamvua, kutoka kule chini, alimwona Mhoja akielewa. Alimwona akitazama kushoto kwa wajomba, kulia kwa majirani, kijiji kizima kinangoja ajibu kwa mzaha kama mila inavyotaka. Asubuhi, kwenye simu, aliweza kuiambia hospitali hapana. Sasa alikuwa na mtani mbele ya kaburi la baba yake, na hakuwa na pa kukimbilia. Alifungua kinywa kusema lile neno pekee alilokuwa nalo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeporwa.

"Usijibu," Mwamvua alisema haraka. "Mhoja, usijibu. Nipe mkono nitoke."

Mhoja akainama, akamvuta. Mwamvua akatoka na udongo kwenye kanga, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akavaa koti lake jeupe juu ya kanga, kifungo kikiwa ukosini. Aliporudi, Bi Nyanzala alikuwa ameletwa nje, amesimama kando ya jeneza ameshikwa na binti zake wawili.

"Samahani," Mwamvua alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Nilikuja hapa kwa njia isiyo yake. Sasa nasema kama daktari, na daktari mna haki ya kumkatalia, na sheria inasema sikupaswa hata kurudi kuwauliza. Hilo nitalijibu mimi. Hospitalini kwangu kuna mwanamke anaitwa Jenerosa. Mshipa wake mkuu wa kifuani umeziba, na kile kilichomo kwa mzee kinaweza kuufungua. Ni mkato mdogo hapa kwenye shingo, hauzidi urefu wa kidole. Mzee alisema hapana, nanyi mmesikia. Aliniambia mimi, tukicheka. Mimi nilidhani ni utani." Akagusa kifungo ukosini. "Nilidhani. Sijui. Nikisema najua nitakuwa nawadanganya juu ya maiti yake. Mkikataa nitashika kamba nimzike pamoja nanyi, na sitarudi tena na neno hili."

Mhoja alikuwa amekunja mikono. Sasa ambapo angeweza kujibu alichukua muda wake wote.

"Baba alisema hapana," alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu asubuhi hii. Mimi siwezi kuwa wa kwanza kumvunjia neno hata hajafukiwa. Hapana, daktari."

"Nimesikia."

"Ukataaji umepokelewa," kilisema kifungo ukosini.

Mwamvua akaitikia kwa kichwa. Alimwaza Jenerosa amekaa pale kitandani akisubiri mlango ufunguke, akawaza atakavyoingia mikono mitupu na kumwambia kwamba kamba ilikuwepo, ila yeye aliyesimama pwani alianza kuuliza ni ya nani. Alijilazimisha kuinama, akashika ncha ya kamba iliyokuwa karibu naye.

"Iache hiyo," alisema Bi Nyanzala.

Wote wakamgeukia.

"Simu ilipigwa kwa Mhoja," mama alisema. "Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo zake. Hakuna aliyeniuliza. Na sasa hivi Mhoja kamjibu daktari, vizuri, kama mtoto anavyotakiwa. Lakini mtani alikuwa anaongea, kakatiza katikati. Mtani hatujamsikia mpaka mwisho." Akamtazama Mwamvua. "Rudi ulikokuwa."

"Mama, nisingependa..."

"Najua usingependa. Ndiyo maana nakwambia rudi. Mtu wa kupora hatoki shimoni kabla hajapewa, na wewe umetoka. Nimeona. Sasa naomba mimi. Mume wangu hawezi kuzikwa bila kutukanwa na Mzaramo wake. Na utukane vizuri."

Mwamvua akavua viatu, akashuka tena. Udongo ulikuwa wa baridi. Juu aliona ukingo wa jeneza, nyuso za watu, matawi. Alifikiri hana neno hata moja, kisha akafungua kinywa na maneno yakaja kwa sauti ya bibi yake wa Kisarawe.

"Wewe Lubaga! Wewe Mnyamwezi usiye na haya! Babu zenu walibeba mizigo kutoka huku mpaka kwetu pwani. Babu zangu walikaa pale kivulini, wamekunja miguu, wanawangoja tu. Miaka yote hiyo hakuna Mnyamwezi hata mmoja aliyefika mwisho wa safari akagoma kutua mzigo wa watu. Wewe ndiye wa kwanza! Mpagazi gani wewe? Umefika, hema limepigwa, chakula kimeiva, bado umebeba tu! Unataka watu waseme nini? Umeuaibisha ukoo mzima." Mtani hatakiwi kulia, naye alikuwa analia. "Tua, mzee. Umebeba vya kutosha. Tua mzigo upumzike."

Bi Nyanzala akacheka. Alicheka kwa kifua chote, kicheko kikavu kilichomtikisa mpaka binti zake wakamkumbatia, na ndani ya kicheko kile machozi yaliyogoma tangu alfajiri yakamshuka. Kibwana Pazi akavua wavu wa nyuki kichwani.

"Jibu halijaeleweka," Sikio dogo lilisema kutoka shimoni. "Tafadhali sema ndiyo au hapana."

Bi Nyanzala akainama ukingoni.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni mke wake, jina langu Nyanzala, nina akili zangu na hakuna aliyenilazimisha. Ndiyo."

"Ridhaa imepokelewa. Neno la mke hutangulia la mtoto."

Mhoja alimsogelea mama yake, uso umemvurugika. "Mama. Na kama baba hakuwa anatania? Kama alimaanisha?"

"Hata mimi sijui kama alimaanisha," mama alisema. "Nimelala naye miaka yote, na mpaka leo sikujua lini yule mtu anatania." Akajifuta mashavu kwa ncha ya kitenge. "Kama alimaanisha, tutagombana nikifika huko. Haitakuwa mara ya kwanza."

Akawaagiza wanaume walirudishe jeneza ndani na walifungue. Hakukubali mumewe apelekwe mjini, wala hakukubali yeye mwenyewe kutolewa nje. Mwamvua alipokuwa anakunja mikono ya koti na kupanga vifaa juu ya kitambaa safi, Bi Nyanzala alivuta kigoda akaketi kichwani mwa mumewe, akamshika mkono uliopoa, akamwambia daktari aanze.